Sikio Moja Juu, Moja Chini: Maswali Yenu ya Mbwa Chotara

Mwezi huu meseji zilizoingia karibu zote ni za chotara, sijui kumetokea nini. Nimechagua chache na zingine nimezipunguza, maana mtu anaanza na historia ya ukoo mzima ndo anafika kwenye kupe. Majina nimeyaweka kama mlivoyaandika wenyewe.

Shikamoo daktari. Mume wangu alinunua kambwa kwa wale vijana wanaouza kwenye foleni, akaambiwa ni jemani shepadi pyua, baba yake yuko polisi. Laki na nusu ikatutoka. Saivi ana miezi 8, sikio moja limesimama lingine limelala, mkia umejikunja kama wa koko, na juzi kafukuzwa na kuku mwenye vifaranga akaja kujificha nyuma ya ndoo. Mume wangu kanuna anasema tumepigwa. Je atakuja kuwa mlinzi au tumtafutie mtu wa kumchukua? — Mama Brayani, Kimara

Marahaba mama. Mmepigwa ndiyo, lakini kwenye bei tu, kwa mbwa hamjapigwa. Hiyo ya "baba yake yuko polisi" nimeisikia mpaka basi, ingekuwa kweli basi kile kikosi cha mbwa na farasi kisingepata muda wa kumkimbiza mwizi hata mmoja, kazi yao ingekuwa kuzaa tu.

Ulichonacho ni chotara wa jemani na mbwa wetu wa kienyeji, na ukiniuliza mimi huyo ndo mbwa wa familia za huku. Masikio ya jemani husimama akiwa na miezi 4 mpaka 6, kipindi anabadilisha meno yanaweza kupanda na kushuka kama antena. Akifika miezi 8 moja bado limelala, jua ndo limeshaamua kulala, usije ukakubali mtu alifunge na gundi au alikate, hilo sikio linasikia vizuri tu. Mkia wa kujikunja katoa kwa mama yake au bibi yake, miguu mirefu hivohivo. Ukiangalia mgongo wake utaona umenyooka, haujainama nyuma kama wa majemani wengi wa maonyesho, na hiyo nafuu, ila kwa vile damu ya jemani ipo, ugonjwa wa nyonga bado unaweza kumpata. Ukimwona anaanza kurukaruka na miguu ya nyuma yote miwili kama sungura au anapata shida kuinuka asubuhi, mlete, na usimwache anenepe.

Sasa hili la kuku. Watu wanaamini ukishajua aina ya mbwa umeshajua na tabia yake, jemani mkali, labrado mpole, koko mwizi wa nyama. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitoa kazi yao kwenye jarida la Science, waliwauliza wenye mbwa zaidi ya 18,000, alafu mbwa 2,155 wakasomwa vinasaba, na wengi kati yao walikuwa chotara kabisa. Ilionekana aina ya mbwa inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Asilimia 9 mama! Kwahiyo huyo mbwa wako ukitaka kumjua mwangalie yeye mwenyewe, yule fundi wa foleni hata angekuwa mkweli asingekusaidia sana.

Kinachomfanya aogope kuku sanasana ni utoto wake. Mtoto wa mbwa kati ya wiki ya 3 na kama wiki ya 14 ndo anajifunza dunia ina nini, watu, watoto, bodaboda, ndoo ikidondoka, kuku. Wale wa foleni wengi wananyang'anywa kwa mama zao kabla hata ya wiki 8, wanakaa kwenye boksi juani, wanashikwashikwa na kila mtu, kisha wanaletwa kwako wanafungiwa kwenye banda. Miezi 8 hujachelewa kabisa ila itakuchukua muda, mtoe jioni na kamba, mpitishe mtaani taratibu, akiogopa kitu simameni mbali nacho mpe kipande cha kitu anachokipenda, kesho msogee kidogo. Usimvute, usimpige, na yale mambo ya kumwekea pilipili kwenye chakula ili awe mkali tafadhali, pilipili inamchoma tumbo tu.

Mlinzi atakuwa. Mbwa huanza kuona kwamba hapa ni kwangu akikaribia mwaka mmoja na nusu au miwili, na mlinzi wa nyumbani kazi yake kubwa ni kubweka. Mwizi anatafuta nyumba iliyo kimya. Mimi nina jike naye ni chotara hivohivo, anaitwa Chausiku, hajawahi kumng'ata mtu maisha yake yote lakini geti likiguswa saa nane usiku mtaa mzima unaamka, na majirani wamenisema sana kwa hilo.

Kitu kimoja hujakitaja kabisa, kadi ya chanjo. Kama hana mpeleke wiki hii. Ile chanjo ya mchanganyiko wenyewe huanza akiwa na wiki 6 mpaka 8 inarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16, yeye kashapita huko lakini mkubwa pia anaanzishiwa. Pavo, ule ugonjwa wa kirusi wa kutapika na kuharisha damu, ndo ninaouogopa kuliko yote. Miaka ya nyuma, bado kijana na nimejiona mjuaji, nilifiwa na kambwa kwa pavo, nikafagia uwanja, nikakaa miezi minne nikaleta kengine, kabla sijakamaliza chanjo nikakaacha kacheze palepale. Siku ya tano kakaanza kutapika, kakaharisha damu ile yenye harufu ambayo ukishainusa mara moja huisahau, siku ya saba nikakazika chini ya mpera. Kirusi cha pavo kinakaa kwenye udongo mwaka na zaidi na sabuni ya kawaida haikitishi. Sakafu ya simenti unaiosha kwanza uchafu wote utoke, kisha jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, unaiacha dakika kama kumi. Udongo hauna jiki, unasubiri tu na unachanja.

Habari za kazi daktari. Nina jike chotara, jemani na kienyeji, miezi 14. Nampa ugali na dagaa, siku nyingine ugali na maji ya dagaa. Ngozi inamuwasha, manyoya yamefifia, yanadondoka nyumba nzima. Chakula cha mfuko cha dukani bei yake naona kama ada ya mtoto. Nifanyeje? — Deo, Moshi

Nzuri Deo. Ugali na dagaa sawa, maji ya dagaa hiyo ni harufu umempa, bado chakula hujampa.

Tatizo la ugali ni kwamba unajaza tumbo anaonekana kashiba huku mwili unadai nyama. Wewe kama unaenda sokoni nenda kwa muuza utumbo mwambie akuwekee mapupu, utumbo, bandama, siku moja moja maini kidogo, hayo mambo ambayo watu hawayagombanii. Nyumbani kwangu Jumamosi nachemsha sufuria moja kubwa, utumbo unaingia kwanza maana unachelewa kuiva, nusu saa baadaye mapupu, mwishoni fungu la mchicha na karoti zilizochakaa, unga nautia palepale unakorogwa mpaka unakuwa kama bokoboko, ukipoa nagawa kwenye makopo naweka friza. Nyama na vitu vyake iwe nusu ya sufuria au zaidi, unga ndo uwe msindikizaji. Chumvi usitie. Kijiko cha mafuta ya kupikia juu ya sahani yake kila siku na ndani ya mwezi mmoja na nusu hivi utaona manyoya yanaanza kung'aa. Dagaa endelea nao ila wapepete, waoshe mchanga mpaka maji yawe meupe, na kama ni wa chumvi waloweke kwanza umwage maji.

Vitunguu hapana, maji kwa saumu, viwe vibichi au kwenye mchuzi, vinaharibu damu ya mbwa, ndo maana yale makombo ya pilau na rosti si zawadi. Chokoleti hapana, zabibu hapana, na zile bigijii zisizo na sukari zenye xylitol, yaani kile kitamu kinachowekwa badala ya sukari, ni sumu kabisa, moja mbili tu zinaweza kumwangusha mbwa mdogo. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika kama vijiti vya meno, itupe mbali asiifukue.

Alafu unga. Watu wa Moshi na Arusha mna mashine nyingi na pumba za bei rahisi, najua. Mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu na mbwa ini lake haliwezi kabisa sumukuvu. Nimeshaona mbwa watatu wa nyumba moja wameisha ndani ya wiki mbili, macho na fizi zimekuwa njano kama binzari, wakati mwenyewe anahangaika kumtafuta jirani aliyewatega na sumu, kumbe gunia liko stoo kwake. Unga ambao wewe hutaula usimpe mbwa.

Kuwashwa sasa. Kabla ya kulaumu chakula mlaze chini, panua manyoya juu ya mzizi wa mkia, ukikuta vidotodoto vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa chukua karatasi nyeupe yenye maji uvidondoshee, vikigeuka vyekundu hiyo ni kinyesi cha viroboto, umepata jibu. Usimwogeshe na sabuni ya unga ya kufulia, inakausha ngozi, mara moja kwa mwezi na sabuni laini inatosha. Kudondoka manyoya usishangae, damu ya jemani ina manyoya ya tabaka mbili, la nje gumu na la ndani kama pamba, hilo la ndani linatoka mwaka mzima. Mchane mara tatu kwa wiki ukiwa nje, upepo upeleke kwa jirani. Usimnyoe eti joto, hayo manyoya yanamkinga na jua pia.

Niaje daktari. Mbwa yangu ni mix ya jemani na collie, nilipewa na mzungu alikuwa anahama. Kupe zimemmaliza, masikio yote, katikati ya vidole. Jirani yangu ana ng'ombe amesema atamdunga ile sindano ya minyoo ya ng'ombe eti kupe zitaanguka zote. Nimngoje ama? — Kim, Nakuru

Kim usimngoje, tena mwambie arudishe hiyo chupa kwa ng'ombe wake. Hiyo kwa kawaida huwa ni aivamektini, na dawa yenyewe haina ubaya, shida ni kipimo na shida ni mbwa wako. Mwaka 2001 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington State kule Marekani walipata hitilafu kwenye kinasaba kimoja kinachoitwa MDR1. Kazi ya hicho kinasaba ni kama askari wa getini, kuzuia dawa fulani zisiingie kwenye ubongo. Mbwa wa ukoo wa collie, wale wa kuchunga kondoo, wengi sana wana hiyo hitilafu, majemani wachache nao wanayo, na chotara anarithi kama kawaida. Sasa umdunge kipimo kilichokadiriwa kwa jicho la mtu aliyezoea ng'ombe wa kilo 400, mbwa anaanza kuyumba kama mlevi, anatoa udenda, haoni, anazimia, wengine hawaamki.

Ziko dawa za kupe za mbwa, za kudondoshea shingoni, za kutafuna, za kuogeshea. Mwambie daktari wa mifugo wazi kabisa kwamba huyu ana damu ya collie, usifiche, na umpime kilo kabla ya kununua, ukikosa mzani wa mbwa mbebe upande naye mzani wa kawaida, kisha utoe kilo zako.

Na kupe zikianguka ndo umefanya nusu ya kazi, maana hizi za kahawia za mbwa hazikai tu kwa mbwa. Jike likishashiba damu linashuka, linapanda ukutani au linaingia kwenye nyufa za banda, linataga mayai kwa maelfu. Chukua tochi usiku uangalie kona za juu za banda lako utaniambia. Ziba nyufa, choma matandiko ya zamani, pulizia banda siku ileile unayomtibu mbwa na urudie kama wiki 2 baadaye.

Fizi zake uziangalie kila wiki, inua tu mdomo. Zikiwa nyeupe kama karatasi, au akatokwa damu puani, au mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi, hiyo huenda ni homa ya kupe na siku hiyo usiende kazini. Ziko aina zaidi ya moja. Moja yao, erlikia, iliwaua majemani wengi wa jeshi la Marekani kule Vietnam mwishoni mwa miaka ya 1960, na mpaka leo inajulikana kwamba jemani inampiga vibaya kuliko mbwa wengine. Ikiwahiwa inatibika, vidonge vya kama wiki 4. Usimpe panadol wala diklofenaki ati ana homa, hizo za watu zinamharibu ini, tumbo na figo, nimezika mbwa wengi wa diklofenaki kuliko wa nyoka.

Daktari naomba ushauri wa haraka. Mbwa wetu chotara wa rotwaila kamng'ata mtoto wa dada yangu mkononi, miaka 5. Mchana huwa tunamfunga na mnyororo chini ya mwembe, alikuwa anakula. Kidonda si kikubwa. Wazee wanasema auawe leo. Hana chanjo. — Baba Upendo, Ifakara

Huyu nilimjibu siku ileile kwa simu, nachapisha jibu kwa ajili ya wengine.

Kwanza mtoto. Kidonda kioshwe na maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 mkiangalia saa, kukadiria hapana, hata kama analia. Hakuna kupaka mafuta ya taa, pilipili, unga wala majivu. Kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya sindano za kichaa cha mbwa. Udogo wa kidonda haumaanishi kitu, kinachotakiwa ni mate kugusa sehemu iliyochubuka, na kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna kupona, yaani hesabu kifo. Usisubiri uone mbwa atakuwaje ndo umpeleke mtoto.

Pili mbwa. Msimuue. Akiuawa na kutupwa mtoni hakuna atakayejua alikuwa na nini. Mfungieni mahali salama, apate maji na chakula bila kushikwa, na mtaarifu ofisi ya mifugo ya kata. Siku 10 mwangalieni. Akifika siku ya 10 mzima anakula anabweka sauti yake ileile, basi siku anang'ata mate yake hayakuwa na kichaa, na hospitali wakijua hilo wanaweza kuwapunguzia sindano. Akibadilika sauti, akashindwa kumeza, akaanza kung'ata vitu hewani au akawa mpole ghafla kupita kiasi, msimsogelee, piga simu.

Baba Upendo alinirudia siku ya 11, mbwa mzima. Ndo tukaongea la mnyororo. Mnyororo wenyewe aliupima akaniambia ni mfupi kuliko urefu wa kanga. Mbwa amefungwa kuanzia asubuhi, kila anayepita anapita karibu, bodaboda, mbuzi, watoto wanamtupia kokwa za embe, hana pa kukimbilia, alafu mtoto anakuja kwenye sahani. Mbwa mwenye uwezo wa kukimbia akiogopa anakimbia, aliyefungwa anabaki na meno tu. Hiyo haina uhusiano na rotwaila, hata koko mdogo ukimfunga hivo atang'ata. Jengeni uzio, hata wa miti na matete, au nyoosheni waya kati ya miti miwili mnyororo uteleze juu yake apate kutembea. Na watoto wafundishwe, mbwa akila haguswi, akilala haguswi, akiwa na watoto haguswi.

Chanjo ya kichaa ni kila mwaka na mara nyingi halmashauri huchanja bure karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Pelekeni hata kama mnambeba kwenye toroli.

Assalaam alaykum daktari. Tumepewa mbwa chotara na kaka wa mume wangu anayehama, mpole sana, watoto wameshampenda. Mama mkwe anakuja kukaa nasi na anasema nyumba yenye mbwa hakai, hataki kunajisiwa. Sisi tuna shamba nyuma na wezi wa kuku wametuchosha. Nifanyeje nisigombane na mtu? — Binti Ngamiani, Tanga

Wa alaykum salaam. Mimi kwenye fatwa siingii, hayo muulizeni shekhe wenu. Ila mimi mwenyewe nimelelewa nyumba ya Waislamu huko Pangani na baba alikuwa na mbwa wawili wa shamba kwa ajili ya nguruwe na nyani, na madrasa tulifundishwa kwamba mbwa wa kulinda na wa kuwinda anafugwa, kwamba mate yake yakigusa chombo kinaoshwa mara saba moja yake kwa udongo, na kwamba kikavu kwa kikavu hakinajisi. Mama mkwe wako hayo anayajua kuliko sisi wote. Anachokiogopa nadhani ni kuamka alfajiri kwenda kutawadha akute mbwa kalala kwenye mkeka wake wa kuswalia.

Baba alikuwa na utaratibu wake. Banda la mbwa lilikuwa upande wa shamba, mbali na kisima, lango lake linafunguka shambani. Chungu cha mbwa kilikuwa cha bluu, peke yake, kinaning'inia kwenye mnazi, ole wako ukiingize jikoni. Ana kanzu ya nyumbani na ana shati la shamba, shati la shamba haliingii ndani. Mama yangu kaishi na mbwa hivo miaka yote hajawahi kulalamika, na siku Jimmy, mmoja wa wale mbwa, alipokufa nilimkuta analia nyuma ya nyumba akasema ni moshi.

Kwahiyo jengeni banda kabla mama hajafika, mbwa azoee kulala huko wiki mbili tatu nzima, watoto wazoee kunawa. Banda lisiwe la mabati matupu, Tanga mnajua joto lenu, wekeni makuti juu na sakafu iinuliwe kidogo maji yapite. Akifika akute mambo yamepangwa, msimkaribishe kwa mjadala.

Doctor, nipo huku Marekani miaka 9. Binti yangu ana mzio na pumu kidogo, anataka mbwa. Kuna hawa chotara wa labrado na pudo, wanasema hawana mzio kabisa, bei dola 2,500. Kweli? — Baba Neema, Columbus, Ohio

Baba Neema, weka hela mfukoni kwanza. Huyo chotara anaitwa labradoodle, alipata umaarufu Australia mwaka 1989. Wally Conron, aliyekuwa anasimamia ufugaji kwenye taasisi ya mbwa wa kuongoza wasioona, aliletewa ombi na mama mmoja asiyeona wa Hawaii ambaye mume wake alikuwa na mzio. Akampandisha labrado na pudo, wakazaliwa watatu, akatuma manyoya na mate yao kwenda kupimwa. Mmoja tu ndo hakumletea shida yule bwana. Mmoja kati ya watatu, tumbo moja, wazazi walewale! Baadaye Conron mwenyewe alisema anajuta kuanzisha hiyo biashara, kwa jinsi watu walivoanza kuzalisha ovyo.

Mzio hautoki kwenye manyoya peke yake, uko kwenye mate na kwenye ukoko wa ngozi, na kila mbwa anavyo. Unachoweza kufanya ni kumpeleka binti akae na mbwa huyohuyo mnayetaka kumchukua, chumba kimoja, saa nzima, arudi siku nyingine, tena siku nyingine, na daktari wake ajue. Akiwa sawa, huenda hata wa kwenye vituo vya mbwa wasio na kwao mkampata anayemfaa kwa bei ndogo sana. Na hao wenye manyoya ya pudo yanajisokota, msipochana kila siku yanakuwa mkeka.

Mbwa wangu kazaa watoto 7, wanne weusi, wawili kama maziwa ya chai, mmoja ana madoa kabisa kama wa jirani. Inawezekana? Na sasa hivi anadondosha damu, ni mwezi wa tatu toka azae. — Mwl. wa Kihonda, Morogoro

Inawezekana sana mwalimu. Jike akiwa kwenye joto, wiki 2 mpaka 3, anapandwa na madume zaidi ya mmoja, na tumbo moja linaweza kuwa na baba wawili au watatu. Jirani asikatae.

Hiyo damu lakini usiichukulie poa. Kama haina dalili ya joto na inadondoka matone tu, na ukiangalia kuna kitu kama koliflawa ndogo nyekundu, ni uvimbe wa kansa ambao mbwa wanaambukizana wakipandana, chembe zenyewe za kansa zinahama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine. Inatibika vizuri kwa sindano za wiki kadhaa. Akishapona mfungeni kizazi, hamtaki watoto 7 tena na yeye hataki. Na dume la jirani nalo likaguliwe.

Daktari swali dogo. Mtaani kwetu kuna Simba sita, nikimwita wangu wanakuja wote. Nimpe jina gani? — Kelvin, Mwanza

Kelvin, la silabi mbili au tatu, lisifanane na neno "kaa" wala "hapana", na lisiwe jina la mtu wa nyumba ya jirani. Kuna mzee nilimtibia mbwa wake anaitwa Hayawahusu, kamwita hivo kwa ajili ya majirani zake, lakini siku mbwa alipopotea ikabidi apite mtaa mzima anapiga kelele Hayawahusu, Hayawahusu, na hakuna mtu aliyetoka kumsaidia kumtafuta. Alirudi mwenyewe saa kumi na moja alfajiri, na mguu wa kuku mdomoni.